Kinaliaje?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Yamkini waliposema hivyo walikuwa wakimwazia binadamu, lakini methali hiyo humfaa pia mwenye chombo kibovu asiyejua kueleza ubovu wake. Mgonjwa akifika kwa daktari na kusema tu, "Ninaumwa," daktari hana budi kumwuliza: wapi, tangu lini, na maumivu yenyewe ni ya namna gani? Fundi wa piano naye ana swali lake. Huliuliza kabla ya kufungua mfuniko, kabla ya kutoa bisibisi mkobani, na aghalabu kabla ya kuketi: "Kinaliaje?"

Fundi anayezungumziwa hapa alizaliwa Mombasa, akajifunza useremala ujanani mwake, kisha akahamia Nairobi, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akitengeneza piano za makanisa, za shule na za watu binafsi. Yeye huziita vinanda, kama walivyoziita waliomlea. Katika upwa wa Afrika Mashariki neno hilo ni kongwe kuliko piano yenyewe. Kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ya kukumbatiwa kifuani na kudonolewa kwa vidole. Zilipofika ogani, harimonia na piano, lugha haikuhangaika kusaka jina jipya. Ililitanua lile la zamani likazibeba zote. Fundi hupenda kusema kwamba lugha haikukosea. Ndani ya kabati lile zito la mbao bado mna nyuzi, na penye nyuzi pana kilio, na kilio hakina budi kusikilizwa.

Siku moja ya mwezi wa Februari, alipigiwa simu na mwalimu wa muziki wa shule moja ya upili viungani mwa Nairobi.

"Mzee, kinanda chetu kimeharibika," mwalimu alisema.

"Pole, Mwalimu. Kinaliaje?"

"Kinatoa kelele tu, Mzee. Kinalia vibaya."

"Vibaya vipi?"

Mwalimu alinyamaza. Alikuwa mtu msomi na mpiga kinanda hodari, lakini neno alilohitaji halikumjia. Badala yake alieleza mambo mengine, ambayo fundi aliyasikiliza kwa uzito uleule. Bodi ya shule ingeketi siku ya Ijumaa. Kulikuwa na mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyeitaka fremu ya chuma iliyomo ndani, na seremala aliyezitaka mbao. Mtu aliyeitwa awali kukikagua kinanda hicho aliuona ufa kwenye ubao wa sauti, akaandika kwenye karatasi neno moja: "Hakitengenezeki." Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amekwisha kuwakumbusha wenzake kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kuwa ufa huo ulisemekana kuwa hauzibiki, heri kinanda kiuzwe na inunuliwe kibodi ya umeme. Wakati huohuo, wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na sehemu ya utendaji katika mtihani wao wa Muziki wa KCSE, na watatu miongoni mwao walikuwa wamejifunza kwa kinanda hicho tangu kidato cha kwanza.

"Nitakuja Jumatano," fundi alisema.

Jumatano aliandamana na mpwa wake, binti aliyehitimu useremala katika chuo cha ufundi, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akijifunza kazi kwake. Fundi alimweleza kila mtu kwamba binti huyo alimsaidia kubeba mkoba. Hakueleza sababu ya pili. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amepatanisha nyuzi za kinanda cha kanisa fulani, akakikabidhi, akalipwa na kuagwa kwa heshima. Baada ya siku nne mpigaji wa kanisa hilo alimpigia simu, akamwambia kwa upole kwamba sauti za juu zilikuwa zikiyumba. Fundi alirudi, akainamisha sikio juu ya nyuzi zile na asisikie kuyumba kokote. Alizikaza upya kwa kubahatisha, akaomba radhi, akaenda zake. Hakumsimulia mtu jambo hilo.

Ili kuelewa kazi iliyowangoja, ni vyema kwanza kujua kinanda hiki ni kitu gani. Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, Mwitaliano aliyefanya kazi katika mji wa Florence, mnamo mwaka wa 1700 au karibu na hapo. Baadhi ya ala za vibonyezo zilizotangulia zilidonoa nyuzi, na kwa hivyo hazikuweza kutofautisha mguso mzito na mwepesi. Cristofori alizigonga kwa nyundo ndogo. Ugumu haukuwa katika kuufikisha wayo wa nyundo kwenye uzi, bali katika kuuondoa pale upesi ili uzi uendelee kuimba, kisha kuizima sauti mpigaji anapoinua kidole. Tatizo hilo la kugonga, kuachia na kuzima ndilo lililozaa utitiri wa vijiti, springi, vipande vya ngozi na vya sufu iliyoshindiliwa vinavyojaza tumbo la piano hadi leo.

Piano ya kawaida ya sasa ina vibonyezo 88 na nyuzi zaidi ya 200. Sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu, na zile nzito za chini zina mbili au moja. Nyuzi zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya tani 15 hadi 20, na ndiyo sababu fremu ya chuma cha kuyeyushwa, iliyopewa hataza Marekani mwaka wa 1825, ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya mbao. Nyuma ya fremu kuna ubao mpana na mwembamba, ubao wa sauti, ambao hupokea mtetemo wa nyuzi kupitia kipande cha mbao kiitwacho daraja. Bila ubao huo, nyuzi zingenong'ona tu.

Chombo chenye viungo elfu kadhaa vya mbao, chuma, ngozi na sufu hakiwezi kukosa kulalamika. Na kila kiungo kina lugha yake ya malalamiko.

Walipoingia katika chumba cha muziki, fundi hakukigusa kinanda. Alimwomba mwalimu awaite wale wanafunzi watatu, akawaketisha kwenye benchi, akamwambia mpwa wake atoe daftari.

"Nyinyi ndio mnaoishi na mgonjwa," aliwaambia. "Msiniambie kimeharibika. Niambieni kinaliaje. Igizeni kwa midomo yenu, na msione haya."

Wanafunzi walitazamana, wakacheka, wakasita. Kisha wa kwanza alijaribu.

"Hapa katikati, kinafanya *zzzz*. Kama nyuki ndani ya chupa."

"Vyema. Andika."

"Na huku kulia," alisema wa pili, "kuna *ta*, *ta*, kama mtu anagonga meza kwa kucha. Sauti yenyewe inatoka, lakini na *ta* iko."

"Hicho cha kukanyagia kinalia *kwiii*, kama mlango wa ghala," alidakia wa tatu. "Na kuna vibonyezo viwili vikienda chini, *di*, havirudi. Kuna kingine hurudi lakini ukikibonyeza tena, kimya. *Ji!*"

"Kuna hapa pia," alisema wa kwanza, ambaye sasa haya ilikuwa imemtoka. "Ukiinua kidole sauti haikomi. Inaendelea *mmmmm*, kama haijui wimbo umekwisha."

Mpwa aliandika yote. Baada ya dakika kumi daftari lilikuwa na malalamiko sita, na hakuna hata mojawapo lililotumia neno "vibaya". Mwalimu alisimama mlangoni, akitikisa kichwa kama mtu aliyeona wanawe wakizungumza lugha asiyojua kwamba waliijua.

Kazi ilianza kwa *zzzz*. Fundi alimwomba mwanafunzi aibonyeze sauti husika, Sol iliyo chini ya Do ya kati, aibonyeze kwa nguvu na arudie bila kukoma. Uzi wa Sol hiyo hutetemeka takriban mara 196 kwa sekunde, na kitu chochote chumbani ambacho kwa umbile lake hupendelea mtetemo wa kasi hiyo kitaitikia, kiwe ni sehemu ya kinanda au la. Kwa sababu hiyo fundi hakuanza ndani. Alizunguka chumba akigusa vitu kwa kiganja kimoja baada ya kingine: kioo cha dirisha, kabati la vikombe vya ushindi, taa. Alipoiwekea mkono picha ya darasa yenye fremu ya kioo, iliyosimama juu ya kinanda chenyewe, *zzzz* ikapungua nusu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akamkabidhi mwalimu picha.

Nusu iliyobaki ilikuwa na wenyewe wawili. Wa kwanza alikuwa bawaba ndefu ya shaba inayoushikilia mfuniko, ambayo skrubu zake nne zilikuwa zimelegea. Wa pili alipatikana walipoondoa ubao wa chini, ule ulio mbele ya magoti ya mpigaji: penseli moja, kibanio cha nywele na kifuniko cha kalamu, vyote vimeuegemea ubao wa sauti. Vilipoondolewa, Sol ililia safi. Nyuki alikuwa ametoka chupani.

*Ta* ilitaka uchunguzi wa namna nyingine. Mlio mkavu unaoandamana na kila mgongo wa nyundo huwa na asili chache zinazojulikana. Huenda kichwa cha nyundo kimeachana na kijiti chake kwa sababu gundi imekauka. Huenda skrubu inayoishikilia bawaba ndogo ya nyundo imelegea. Huenda pia kitambaa cha sufu kinachozuia mbao zisigongane kimekwisha. Fundi humtenga mkosaji kwa vidole: hukishika kichwa cha nyundo na kukisukuma kidogo upande huu na upande ule. Kisipotulia, kimekiri. Siku hiyo nyundo mbili zilikiri. Zilitolewa, zikasafishwa gundi ya zamani, zikagundishwa upya na kuachwa zikauke hadi kesho. Halafu mpwa alipitia skrubu zote za mtambo wa nyundo, moja baada ya nyingine, zaidi ya mia mbili, akazikaza kwa kiasi. Nyingi zilizunguka robo duara kabla ya kushika.

"Kwa nini zote zimelegea kwa pamoja, Mjomba?" aliuliza.

Fundi alimgeukia mwalimu. "Kinanda hiki kilitoka wapi?"

"Kilinunuliwa kwa familia moja ya Mombasa, miaka minne iliyopita."

Hapo fundi alipata historia ya maradhi. Mombasa hewa ni nzito kwa unyevu mwaka mzima. Mbao huunywa na kuvimba. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Januari na Februari hewa yake ni kavu. Mbao zilizozoea kushiba huanza kusinyaa, nazo husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Skrubu hulegea. Gundi huachia. Ubao wa sauti, ambao ni mpana na umebanwa kingo zake zote, huvutwa pande mbili hadi unapasuka kufuata nyuzi za mti. Skrubu, nyundo na ufa havikuwa maradhi matatu, bali ishara za safari moja.

Historia hiyo ilimsaidia pia katika malalamiko ya kukwama. Kwa kawaida vibonyezo hukwama majira ya mvua, sufu na mbao zinapovimba. Hii ilikuwa Februari, kiangazi. Maadamu si unyevu, basi pana sababu nyingine. Vibonyezo viwili vilivyolia *di* vilikuwa jirani, na majirani wakigoma kwa pamoja fundi hutafuta kilichoingia kati yao. Mpwa alivichomoa, akatoa sarafu ya shilingi moja. Kile kilicholia *ji* kilikuwa kisa tofauti. Kibonyezo chenyewe kilipanda na kushuka bila shida, lakini nyundo yake ilirudi kwa uvivu na hivyo haikuwa tayari kugonga mara ya pili. Pini nyembamba ya shaba, ambayo nyundo huizungukia, ilikuwa na kutu ya kijani iliyotokana na miaka ya hewa ya bahari. Ilitolewa, ikatiwa nyingine.

Sauti isiyojua kukoma ilikuwa ya kizimio, yaani kile kipande cha sufu kinachouangukia uzi na kuunyamazisha. Kizimio chake kilikuwa kimeliwa. Pembeni, nyuma ya kanyagio, palikuwa na kiota cha panya cha sufu nyekundu iliyochanganywa na vipande vya karatasi za mtihani. Wanafunzi walikisoma kiota hicho kwa hamu kubwa mpaka mwalimu akawanyang'anya.

Lililomkera fundi ni *kwiii* ya kanyagio. Si kwamba ilikuwa ngumu; springi na ekseli yake zilihitaji grisi kidogo tu mahali chuma kinapokutana na chuma. Kilichomkera ni kwamba mtu alikuwa amemwagia mafuta ya kupikia kila mahali. Mafuta hunyamazisha kwa wiki moja, kisha hupenya kwenye mbao, huigandisha sufu na kuvuta vumbi. Pale ngozi inaposugua mbao, mafundi hupaka unga wa risasi ya penseli, ambao hulainisha bila kulowesha. "Kukinyamazisha chombo si kukitibu," fundi alisema, akifuta na kufuta.

Hatimaye walikizungusha kinanda, wakautazama ufa. Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na upana wa kuweza kupitisha karatasi. Mwalimu aliutazama kama mtu anayeitazama hati ya hukumu. Fundi alimwomba mwanafunzi apige sauti zote polepole, kutoka chini hadi juu, huku yeye ameukandamiza ufa kwa dole gumba, kisha bila kuukandamiza, kisha akizikandamiza mbavu za mbao zinazouvuka. Aliwauliza wote kama wamesikia tofauti. Hakuna aliyesikia.

"Mwalimu, methali ya bodi ni ya kweli," alisema. "Lakini kabla ya kuziba ufa ni lazima ujue kama ndio uliokukosesha usingizi. Ufa hulia pale kingo zake zinapogusana, au pale ubavu unapoachana na ubao. Huu kingo zake zimeachana na mbavu zake zimeshika. Umeonekana, ndiyo maana ukasingiziwa. Nyuki alikuwa kwenye picha."

Waliondoka jioni. Alhamisi walirudi, gundi ilikuwa imekauka, nyundo zikarudishwa, kizimio kikatiwa sufu mpya. Ikabaki kupatanisha nyuzi. Fundi aliugonga uma wake wa chuma, ule unaotoa sauti ya La yenye mitetemo 440 kwa sekunde, akauegemeza shina lake kwenye mbao, akaanza. Kwa saa tatu alikaza na kulegeza, akishuka hadi sauti nzito za chini na kupanda tena. Vidole vyake havikukosea. Alipofika katika oktava ya mwisho ya juu alipunguza mwendo. Alipiga Mi. Akaipiga tena. Akakaza kidogo, akaenda kwa Fa.

"Mjomba," mpwa alisema. "Hiyo Mi."

"Imefanya nini?"

Binti hakujibu. Mwalimu alikuwa ametoka. Chumbani walikuwa wawili tu. Fundi aliushusha mkono uliokuwa umeshika kifaa cha kukazia, akauweka juu ya goti. Mi hiyo hutetemeka zaidi ya mara 2,600 kwa sekunde. Masikio yanapozeeka, sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka, na huondoka bila kuaga.

"Mwanangu," alisema, "mimi siisikii."

"Najua, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu kule kanisani."

Kwa muda walikisikiliza kimya cha chumba, ambacho kila mmoja alikisikia kwa namna yake. Kisha fundi aliliuliza swali aliloliuliza kwa zaidi ya miaka thelathini, ila safari hii aliliuliza kama mhitaji.

"Basi niambie. Inaliaje?"

"Inalia vibaya."

"Hilo ni neno la kwenye simu. Inaliaje?"

Binti alifumba macho, akaibonyeza Mi, akaiacha ife yenyewe. Akaibonyeza tena.

"*Wiu, wiu, wiu.* Inapanda na kushuka, kama mshumaa penye upepo. Si ya haraka. Yapata mara tatu kwa sekunde."

"Ni nyuzi ngapi zinazolia?"

"Tatu."

"Zizime mbili."

Aliingiza kabari ya mpira kati ya nyuzi. Uzi wa kushoto pekee: ulinyooka. Wa kulia pekee: ulinyooka. Wa katikati, ukiwa peke yake, bila mwenziwe wa kugombana naye: *wiu, wiu, wiu*.

"Basi si ugomvi wa nyuzi," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imerudia ukubwa wake. "Nyuzi mbili zikitofautiana kidogo hulia hivyo, na dawa yake ni kukaza. Uzi mmoja ukilia hivyo peke yake, hata ukaze mpaka kesho hautapona. Kuna pini kwenye daraja, ndiyo inayouelekeza uzi. Hapana shaka imelegea." Aliichukua bisibisi, akauelekeza mkono wake uliokuwa hautetemeki, akaikandamiza pini hiyo ubavuni kwa ncha. "Na sasa?"

"Imenyooka."

Aliachia. "Na sasa?"

"Imerudi."

Tone moja la gundi nyepesi lilitiwa kwenye shina la pini, likanywewa na mbao. Baada ya kitambo binti aliipiga Mi, na fundi hakumtazama kinanda. Alimtazama binti usoni. Huko ndiko alikoisikia.

Pini nyingine tano ziligunduliwa kwa njia hiyo kabla ya machweo, mmoja akisikia na kusema, mwingine akiwaza na kugusa. Kabla ya kuondoka walimwachia mwalimu maagizo matatu: kinanda kiondolewe dirishani ambako jua la mchana hukichoma, nyuzi zipatanishwe mara mbili kwa mwaka, na pasiwekwe tena picha, vikombe wala chai juu yake. Bodi iliketi Ijumaa. Mwalimu hakuwasomea ripoti ndefu. Aliwaalika wajumbe katika chumba cha muziki na kumwomba mmoja wa wanafunzi watatu apige. Kinanda hakikuuzwa.

Madarasani, tanakali za sauti hufundishwa mara nyingi kama orodha ya kukaririwa: anguka pu, nyamaza ji, lala fofofo. Mtahiniwa huzitaja, akapata alama zake, akazisahau. Wapo hata wanaoziona kama lugha ya watoto, pambo la hadithi za jikoni. Katika chumba kile cha muziki zilikuwa vyombo vya kazi, sawa na bisibisi na kabari. "Kimeharibika" ni neno sahihi kisarufi, lakini lilikuwa karibu kukipeleka kinanda kwa mnunuzi wa vyuma, kwa kuwa halitofautishi picha iliyosimama juu ya mfuniko na ufa ulio nyuma yake. *Zzzz* hutofautisha. *Wiu* ilimwezesha mtu asiyesikia kuutia mkono wake mahali hasa penye kasoro. Lugha inayoweza kutenda hayo haipungukiwi na istilahi. Inapungukiwa tu na watu wasioona haya kuitumia.

Daftari la kazi ile lipo. Lina safu mbili zilizopigiwa mstari kwa penseli: upande mmoja "Kinavyolia", upande wa pili "Kilipoumwa". Kurasa za kwanza zina mwandiko wa binti peke yake. Kuanzia ule ukurasa wa Mi, miandiko ni miwili.

Jumatatu iliyofuata simu ililia karakanani. Fundi aliitazama, akaifuta vumbi la mbao, akampa mpwa wake. Mtu wa upande wa pili alilalamika kwa muda mrefu, kwa maneno mengi, kwamba kinanda chake kimeharibika kabisa.

"Pole sana, Mama," binti alisema, akilivuta daftari karibu. "Hebu niambie. Kinaliaje?"